Orodha Niliyokataa Kukuandikia

Kasulu, Jumapili jioni

Mwanangu Skola,

Nakusikia chumba cha pili ukifunga begi, na namsikia mama yako akikuuliza kwa mara ya nne kama umeweka sweta. Mwanza hakuna baridi kama ya huku kwetu, lakini usibishane naye, weka tu. Mambo ya sweta, ya dawa, ya shangazi utakayefikia kwake na ya kutokula ovyo basi likisimama Kibondo, yote nimemwachia yeye, maana anayaweza na anayapenda. Mimi nimebaki na jambo moja. Nimejaribu kulisema kwa mdomo tangu Alhamisi, na kila nikianza naishia kukuuliza kitu kingine. Jana nilikuuliza bei ya maharage, ukanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

Uliniomba orodha. Ulisema, "Baba, niandikie vifaa vyote vya kompyuta, kimoja kimoja na jina lake. Nikifika nanunua kama ulivyoandika." Nikakuuliza kwa nini usichague mwenyewe wakati habari za vifaa hivyo unazijua kuliko mimi. Ukacheka, ukasema, "Mimi mkono wangu unaunguza vitu, baba. Si unajua."

Sitakuandikia orodha hiyo. Barua hii ni ya kukueleza kwa nini.

Uzito wa kompyuta hii naufahamu. Mama yako anadhani ni ya kuchezea gemu tu, na mimi nimechoka kumweleza kwamba wale vijana wa Mwanza wanatengeneza gemu, hawachezi tu, na kwamba wamekubali kukujaribu ilimradi uje na mashine yako inayoweza kuibeba kazi. Najua pesa yake umeitoa wapi. Ni miaka miwili ya kambi ya wakimbizi ya Nduta, kuandikisha watu kwenye foleni ya mgao, unarudi nyusi zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Inatosha mashine moja ya kati, wala si ile kubwa ya kwenye picha zako, na haitoshi kununua mara mbili. Ukikosea kifaa kimoja, nafasi ile imepita. Ndiyo maana unataka achague mtu mwingine. Nakuelewa kabisa, isipokuwa huyo uliyemchagua ndiye aliyekosea ile ya kwanza.

Ngoja niianze habari pale inapoanzia. Ulikuwa kidato cha tatu. Nilikuwa na meza yangu ya kutengeneza simu kwenye baraza la duka la Mzee Salumu, pale pale nilipo leo, nikapata wazo la kuweka kompyuta ya gemu, vijana wacheze kwa kulipia. Nilisafiri mwenyewe hadi Dar kufuata vifaa. Vingine vyote nilivipata bila shida. Kilichobaki kilikuwa kadi ya grafiksi, ile inayochora picha za gemu, ambayo ikiwa mbovu vingine vyote ni mzigo wa vyuma.

Asubuhi ya siku ya pili, Kariakoo, nikamsikia mtu ndani ya duka dogo akiongea Kiha kwenye simu. Sijui kama umewahi kukaa siku mbili mahali ambapo hakuna anayekujua. Nikasimama mlangoni nikamsalimia, "Mwakeye!" Akainuka kama amemwona ndugu. Akapiga makofi ya salamu kama ya wazee wetu, akauliza mvua, akauliza mihogo, akauliza watu wa Rungwe Mpya ambako ndiko alikozaliwa. Akafunga duka. Akanipeleka kwake, mkewe akatusongea ugali wa muhogo na samaki, migebuka iliyokuja na basi kutoka Kigoma. Nilikula nikashiba, Skola, nikajiona nimefika nyumbani.

Tuliporudi dukani akanitolea kadi. Ilikuwa imetumika lakini inang'aa, imepanguswa vizuri. Akasema, akitazama pembeni kidogo, "Nikuwashie uione, ndugu yangu?"

Mimi huyu ambaye sokoni nachomeka mkono kwenye gunia la maharage mpaka kwenye kiwiko, kutafuta mabovu yaliyofichwa chini, nikamjibu, "Hapana bwana. Nitakupimaje wewe, nami nimetoka kula kwako sasa hivi?"

Unaijua hali hiyo hata kama hakuna aliyekufundisha. Kwetu ukishanawa mikono kwa mtu ukala chakula chake, kumpimia mzigo ni kumwambia kwamba chakula kilikuwa chambo. Ningeona aibu. Nikaifunga kadi kwenye fulana yangu nikapanda basi. Mpaka leo sijui kama mtu yule alijua anachoniuzia. Pengine naye aliuziwa hivyo hivyo. Lakini aliniuliza kama aiwashe, na aliyekataa ni mimi.

Hapo kosa lilikuwa dogo bado. Kosa la kununua kibovu halijamuua mtu, na fundi asiyewahi kuuziwa kibovu hajaanza kazi. Kubwa lilikuja baadaye.

Kompyuta tuliiunga pamoja, wewe na mimi, sakafuni hapa sebuleni. Ulishika tochi. Kisha ukachoka kushika tochi, ukanipa mimi tochi, ukaunga wewe. Nilikuonea fahari sana siku ile, na nadhani sikukwambia. Siku ya tatu ukiwa shule niliiwasha peke yangu, nikafungua gemu zito, nikaiacha inakwenda. Baada ya dakika ishirini hivi vikatokea vidoti vya kijani kwenye skrini, vidogo kama ulezi uliomwagika. Nikazima. Nikawasha tena, vikarudi. Fundi yeyote angejua kwamba kadi ile ni mgonjwa, na mimi nilijua. Nilikaa mbele yake nikawaza nitamwambiaje mama yako kwamba nimesafiri mpaka Dar na kurudi nikakataa kupima. Nikaizima, nikaenda kunywa chai. Ulipotoka shule sikukwambia kitu, nikakuachia uisimamie wewe, uwapangie vijana zamu.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi mimi kifo hakikuniumbua. Kilimuumbua mtoto.

Jumamosi ile unaikumbuka kuliko mimi. Baraza limejaa, wewe ndiye uliyeketi kwenye kiti, skrini ikawa nyeusi huku feni zikiendelea kuzunguka. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Nilikukataza kuicheza mchana kutwa! Umeiunguza!"

Ulijibu kwa heshima. "Baba, joto nilikuwa naliangalia. Halijapita sabini na tano."

"Fundi hapa ni nani, mimi au wewe?"

Watu wakacheka. Mzee Salumu akasema ndivyo watoto wa siku hizi, uwape kitu cha thamani uone. Ukaiweka mausi taratibu mahali pake, ukapangusa meza kwa kiganja, ukaondoka. Nyumbani nikarudia maneno yale yale mbele ya mama yako, maana uongo ukishausema mara moja inabidi uulishe. Wadogo zako wakakupachika jina la Dada Shoti. Mpaka wiki hii simu ikikwama wanasema, "Usimpe Dada Shoti," na wewe unacheka nao. Mimi nikisikia natoka nje.

Ulipojaza fomu za kidato cha tano ukaweka historia na Kiswahili. Hesabu uliyokuwa unaipenda ukaiacha. Mwalimu wako aliniuliza kuna nini, nikamjibu kwamba watoto hubadilika.

Sehemu iliyobaki ndiyo ngumu kuandika kuliko yote. Kuna fundi Mkongomani kule kambini Nyarugusu, Papa Deo, niliyekuwa nikikutana naye nilipokwenda kutengeneza redio za ofisi. Miezi miwili baada ya kadi kufa nilimpelekea, nikijiambia labda nimeidhania vibaya, labda kweli ni wewe, labda nipate wa kunithibitishia. Nisamehe, lakini nilitamani iwe ni wewe. Akaifungua, akafuta pesti ya kupozea iliyokauka, akanionyesha pembeni pa chipu moja ambapo risasi ya kuunganishia imemwagika ovyo, alama ya kadi iliyowahi kufa na kutengenezwa.

"Angalia hapa, muzee," akasema. "Balishaka kuitengeneza na moto. Hii carte ilikufaka zamani. Nani alikuwa anatumika nayo?"

Nikamwambia, binti yangu.

"Mutoto hana kosa. Umuambie leo."

Nikamwambia nitakwambia. Ilikuwa miaka sita iliyopita.

Kadi ile, mwanangu, hukuiunguza. Ilikuja imechoka, nadhani ni zile zilizotumikishwa usiku na mchana kuchimba sarafu za mtandaoni. Joto la sabini na tano halikuwa na neno. Ulikuwa sahihi siku ile, mtoto wa kidato cha tatu, na fundi mzima alikuwa mwongo.

Sasa nikueleze machache ya vifaa, si kama orodha, bali uone mahali nilipopotea.

Mwanza utawakuta Waha madukani, tena wengi. Wasalimie wote. Lakini kitu kilichotumika kiwashwe mbele yako, kikimbizwe gemu zito nusu saa nzima, wewe umesimama hapo hapo. Akikukaribisha chakula, mwambie utakuja ukimaliza. Akinuna, anune. Nilichelewa sana kujua kwamba mtu mwema hakasiriki kupimiwa mzigo, ila sisi wanunuzi ndio tunaokasirika kwa niaba yake.

Kasha nililinunua kwa macho. Lilikuwa na taa nne za rangi na kioo mbele kama kabati la vyombo, vijana walilipenda, na hewa haikuwa na pa kuingilia. Kiangazi chetu hiki cha vumbi jekundu kililijaza kifuani. Wewe nilikuona mara mbili kwenye simu ukitazama lenye matundu mbele, baya kidogo. Ni hilo.

Skrini niliokota ya zamani nikaona yatosha, eti picha ni picha. Tukawa na kadi inayoweza kuchora haraka na skrini isiyoweza kuonyesha haraka. Na prosesa, ubongo wa mashine, niliweka dhaifu ili pesa yote iende kwenye kadi, kwa sababu kadi ndiyo watu wanayoitaja jina wakitambiana. Ikawa kama mtu mmoja anatwanga mihogo upesi na mwenzake wa kumenya anasinzia. Kila ukiona gemu linakwama hukuelewa ni nini, na mimi nilikwambia ni mtandao. Hata mtandao wenyewe tulikuwa hatujaunga.

Pawasaplai ndiyo peke yake niliyoipatia, na hapo nitajisifu kidogo, niruhusu. Nimeona televisheni za watu wengi zikifa kwa umeme wa Kasulu, tangu ule wa jenereta mpaka huu wa sasa unaokatika na kurudi kwa kishindo. Pawasaplai nilinunua mpya, nzito, yenye jina, na mbele yake nikaweka stabilaiza. Inafanya kazi hadi leo chini ya meza yangu, inaendesha kompyuta ya kuchapia. Ukibanwa, punguza kwingine kote, hapo usipunguze. Mwanza nao umeme wake si malaika.

Nimebakiza moja la kuungama, dogo, la wiki hii. Mama yako alinionyesha daftari lako. Usimkasirikie, alidhani nalijua. Nikakuta umeshaandika vifaa vyote, na pembeni ya kila kimoja sababu, na penye shaka umeweka alama ya kuuliza. Kumbe ulishachagua. Ulichotaka kwangu ni mtu wa kulaumiwa badala yako.

Nilikaa na daftari hilo siku tatu nikitafuta kosa. Nasema kweli, nililitafuta kwa hamu, ili nijione bado fundi. Nikalipata! Uliandika ramu vijiti viwili vya GB nane. Nikakata, nikaandika kimoja cha kumi na sita, maana hesabu ni ile ile na nafasi moja inabaki wazi ya kuongezea. Nikafurahi. Kisha nikaona, ngoja, mara hii nipime. Nikachukua kompyuta ya kijana mmoja iliyo kwangu kwa matengenezo, nikaijaribu kwa kijiti kimoja kikubwa, halafu kwa viwili vidogo vya jumla ile ile, gemu lile lile, mahali pale pale. Kwa viwili ilikwenda vizuri zaidi, waziwazi, na kule kushtuka shtuka kukapungua. Nikarudia mara tatu kwa ubishi. Halafu nikafuta mwandiko wangu kwa raba. Ukifungua ukurasa ule utaona pamechujuka.

Kwa hiyo ungenunua kwa orodha yangu, ungenunua kosa langu jingine.

Na hata kama ningeandika isiyo na kosa hata moja, bado nisingekupa. Kompyuta ikiwaka, utasema ni kwa sababu baba alichagua. Ikizima siku moja, na mashine huzima, utasema ni mkono wako. Nimeligeuza pande zote, sioni unapopata kitu. Ukichagua mwenyewe, ikizima utaifungua utafute ilipougulia, maana kila kifaa utajua kwa nini kimo mle. Ukiniuliza swali, nitakujibu saa yoyote. Lakini niulize kama unavyomuuliza fundi mwenzako, naye anaweza kuwa amekosea.

Leo tulipotoka kanisani nilikwambia napitia dukani kuchukua bisibisi. Sikuwa na bisibisi ya kuchukua. Nilimkuta Mzee Salumu barazani na watu watano sita, wengine ni wale wale wa siku ile, wameota mvi. Nikawaambia habari ya kadi yote, tangu migebuka ya Kariakoo mpaka kwa Papa Deo. Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka.

Mzee Salumu akavua kofia akaipangusa. "Astaghfirullahi! Miaka yote hii, fundi? Nami nikamcheka mtoto wa watu bure?" Halafu akasema, "Mwambie Salumu anamtaka radhi. Na wewe usinunue sukari kwangu wiki hii, sitaki kukuona." Sijui kama ni utani. Nimenunua sukari kwingine.

Mama yako nilimwambia jana tukiwa shambani. Alilima matuta mawili mazima, ndipo akaniambia, "Kamwambie mwenyewe, na usimwandikie akasomee njiani kama mwizi aliyekimbia." Maana hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu. Nilikuwa nimepanga nikusukumie barua hii dirishani basi likiwa limeshawashwa, uisome baada ya Kakonko, uwe mbali, hasira ikuishie njiani kabla hujapata mtandao wa kunipigia.

Sitafanya hivyo. Kesho asubuhi kwenye chai, wadogo zako wakiwa mezani, nitawaambia wao kwanza kwamba jina lile wamelibeba kwa uongo wangu, na kwamba kuanzia kesho halipo. Halafu nitakupa karatasi hizi mkononi. Uzisome hapo hapo, mimi nimekaa mbele yako. Nilikusema mbele za watu, nawe una haki ya kunisema mbele za watu. Sema lote. Usiniharakishie msamaha eti kwa sababu begi liko mlangoni na bodaboda anapiga honi.

Tiketi nimeulizia. Siku ya safari inaweza kusogezwa mpaka Alhamisi.

Ni mimi baba yako, upande wa pili wa ukuta